Kaka anataka tuuze ploti ya marehemu baba afungue duka la bangi Marekani, na mama hajui

Shangazi, habari ya saa hizi. Hii barua nimeiandika mara tatu nikifuta, juu kila nikifika kwa hilo neno bangi naona ni kama mama amesimama nyuma yangu. Lakini Jumatano wakili anatutaka ofisini na mpaka sasa sijui kama nitashika kalamu nitie sahihi ama nitajifanya mgonjwa.

Tumezaliwa watatu. Kaka mkubwa yuko Minneapolis huu mwaka wa kumi na moja, mimi niko hapa Kayole nauza simiti na misumari na mabati, halafu kuna kitinda mimba wetu, huyo nitamfikia juu ndiye ananinyima usingizi. Mzee alituachia ploti moja Ruai, ile ya futi hamsini kwa mia. Mirathi tulimaliza mwaka juzi na wasimamizi ni mimi na mama, kwa hivyo bila sahihi zetu zote mbili hakuna kitu kitauzwa. Kuna mnunuzi anatoa milioni 4, na kaka anataka zote zitumwe kwake, ati sisi tutakuwa na hisa.

Jimbo analokaa, Minnesota, liliruhusu bangi kwa watu wazima Agosti 2023. Mtu wa miaka 21 anaweza hata kupanda miche minane kwake bora isizidi minne yenye maua, hakuna wa kumuuliza. Kuuza ndio lazima leseni, na zingine ziliombwa na watu wengi mpaka 2025 zikapigiwa bahati nasibu. Yeye na mwenzake mmoja wa kule wanafuata ile ya biashara ndogo, unakuza na kuuza wewe mwenyewe, na ada ya kuomba ni dola 500. Hapo ndipo nilidanganyika Shangazi, nikajiambia dola 500 si kitu, kwani shida iko wapi. Kumbe 500 ni ya kubisha hodi tu. Kuna kodi ya jengo, na jengo lenyewe lazima mji ukubali liwe pale, kamera, taa za kukuzia, mafeni, kufuli, na mimea haiharakishwi, utalipa stima miezi na bado hujauza hata gramu. Huwezi kununua mzigo jimbo jirani uanze nao, ukivuka nao mpaka ni kesi hata kama pande zote mbili imeruhusiwa.

Mimi si msomi lakini nimefanya biashara miaka tisa, nikamwambia anitumie hesabu. Akanitumia picha ya duka limepakwa rangi vizuri. Nikaanza kujisomea usiku baada ya kufunga, na nilichokuta kilinifanya niwashe taa nikae kitandani. Serikali kuu ya Marekani bado inaiona bangi ni dawa haramu, jimbo linasema ndio na Washington inasema hapana, sasa kuna kifungu cha kodi kinaitwa 280E kinasema ukiuza hiyo kitu hukati gharama za kawaida kabla ya kutozwa, unakata bei ya mzigo wenyewe tu. Wacha nikupigie vile nilijipigia kwa daftari ya duka. Sema umeuza dola 100,000, mzigo wenyewe ulikugharimu 60,000, kodi ya nyumba na mishahara 35,000, umebaki na 5,000. Mtu wa simiti kama mimi atatozwa kwa hiyo 5,000. Yeye atatozwa kwa 40,000, na kampuni kule ni asilimia 21, hiyo ni 8,400. Umepata tano unalipa nane na ushei! Nilirudia hiyo hesabu mara nne nikidhani nimekosea sufuri. Na sijaweka ushuru wa jimbo ambao tangu Julai 2025 ni asilimia 15 juu ya mauzo, huo mteja ndiye anaubeba ni kweli, lakini huyo mteja si pia ana mtu wake wa mtaani anamuuzia bila ushuru?

Benki kubwa zinaikimbia hiyo biashara na Visa na Mastercard hazitaki malipo yake, kwa hivyo ni keshi mingi dukani. Sisi wa Kayole tunajua keshi mingi dukani inaita nani.

Lakini yote hayo ningeyameza, ni pesa, pesa hupotea. Kuna mbili zimenikwama. Ya kwanza ni karatasi zake. Kaka ana grin kadi, kile kibali cha kukaa kule daima, mwakani anataka kuomba uraia, na idara yao ya uhamiaji iliandika wazi Aprili 2019 kwamba mgeni akifanya kazi ama biashara ya bangi, hata pale jimbo limeruhusu, anaweza kuonekana hana tabia njema akanyimwa uraia. Yule mwenzake amezaliwa kule, hana la kupoteza hapo. Nikamtumia kaka hiyo habari WhatsApp, tiki mbili za bluu, halafu kesho yake ananitumia aya za Zaburi. Tulipoongea akasema mimi ni mwoga kama Waafrika wengine, ati Lesotho ilianza kutoa leseni 2017, Malawi ikapitisha sheria 2020, sisi tumelala. Sikumjibu. Malawi si yeye.

Ya pili ni kitinda mimba. 2019 karau walimkamata hapa steji na misokoto miwili, miwili tu Shangazi, hata hakuwa anauza. Faini ikatushinda kwa haraka, mama akauza ng'ombe wa maziwa lakini kufikia pesa zinapatikana kijana alikuwa ameshakaa ndani miezi minne, akatoka amekonda na kikohozi. Tangu siku hiyo cheti cha polisi cha tabia njema kikitoka kinatoka na hiyo kesi. Amekosa kazi ya usoja wa geti, amekosa kazi ya kupeleka mizigo na pikipiki, saa hii anabeba simiti kwangu na mgongo wake najua hautafika miaka arobaini. Sasa sikia. Huko Minnesota, mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa bangi anapewa nafasi maalum kwa hizo leseni, sheria inasema watu kama hao waliumizwa kwa hivyo watangulizwe, na huyo mwenzake kaka ndiyo tiketi yake hiyo, alishikwa akahukumiwa akiwa kijana. Yaani kitu kilekile. Huyo anafungua duka, na wetu anabeba simiti.

Nilimwambia kijana juu sikuweza kumficha, ploti ni yake pia. Akacheka akasema mwambie kaka anitumie tiketi, mimi niko na eksipiriensi. Tukacheka wote wawili pale kwa mifuko, halafu akaenda kunawa akakaa huko muda mrefu.

Mama ndiye sasa. Mama ni wa kanisa mpaka kwenye mifupa, kitambaa cheupe cha ushirika wa akina mama hakikosi kupigwa pasi. Kaka amemwambia ni duka la dawa. Mama amefurahi, anaambia majirani mtoto wangu anafungua famasi Amerika, ameshatuombea sisi wote na hiyo famasi madhabahuni. Mimi nilikuwa hapo, nikasema amina.

Nikimwambia ukweli, atakumbuka yule ng'ombe, na sidhani kaka atawahi kusamehewa. Nikinyamaza, ataweka sahihi kwa kitu asichokijua, na mimi kama msimamizi mwenzake ndio nitakuwa nimemshika mkono. Nikikataa kutia sahihi, kaka anasema mimi ndiye nilikusomesha wewe kozi na nikakutolea mtaji wa kwanza wa duka, na hapo hasemi uongo.

Nimefikiria jambo moja, uniambie kama ni ujinga. Tuuze, tugawane, kila mtu achukue lake. Ya kaka afanye nayo atakalo, ni mtu mzima. Ya kijana tumnunulie pikipiki yake ama kibanda, kitu ambacho hakuna mtu atamuuliza cheti. Ya mama ikae benki. Lakini kaka anasema fungu lake peke yake haliwezi hata kulipia taa, na mwenye jengo anataka amana mwisho wa mwezi. Na nikichukua hisa vile anataka, siku faida ikiletwa huku benki iniulize pesa zimetoka wapi, niandike nini kwa hiyo fomu? Huku ile sheria ya dawa za kulevya ya 1994 bado iko na meno, muulize kitinda mimba.

Shangazi, nimwambie mama kabla ya Jumatano ama nimwache kaka amwambie mwenyewe kwa simu mimi nikiwa nimekaa kando yake? Na kama ni mimi, naanzia wapi, juu nikifungua mdomo naona ng'ombe. Nakuomba usichelewe. Mama ameniuliza leo tena tutapanda matatu ya saa ngapi.

Wa Katikati,
Kayole