Kibarua wa msimu asihesabiwe kuwa ameacha kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waajiri wa Mwanza, hasa wenye viwanda vya minofu ya sangara, kuhusu kumbukumbu za kuajiri na kuondoka kwa wafanyakazi, ambazo siku hizi hupelekwa kwenye chati za dashibodi, yaani ukurasa wa kompyuta unaowaonyesha viongozi takwimu kwa muhtasari, kabla hazijasafishwa, kisha chati hizo zikaamua riziki za watu.

Mimi ni afisa utumishi. Katika kiwanda kimoja nilichowahi kukitumikia, mstari wa wanaoondoka ulipanda kila samaki walipoadimika ziwani, na uongozi ukaamini kwamba wakata minofu si watu wa kutegemewa, hivyo mpango wa kuwapa mikataba ya kudumu ukasimamishwa. Nilipolifungua daftari la getini, ambalo kurasa zake zilikuwa zimejikunja kwa maji ya samaki, nilimkuta mama mmoja ameandikwa mara tatu: kwa jina la baba yake, kwa jina la mumewe, na tena kwa jina hilohilo lililoongezwa herufi moja. Kompyuta ilimhesabu kuwa watu watatu, wawili wakiwa wameondoka, ilhali yeye alikuwa palepale mezani na kisu chake. Iliniuma sana.

Kwa hiyo kila mfanyakazi apewe namba moja isiyobadilika hata akirudi msimu ujao, na kila kipindi chake cha ajira kiwe na mstari wake wenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Aliye kazini bado, nafasi ya kutoka iachwe wazi, isijazwe sifuri wala tarehe ya leo. Tarehe zenyewe zina mtego: 3/4/2024 kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani huisoma kuwa tarehe 4 Machi. Ni salama zaidi kuandika 2024-04-03, yaani mwaka, mwezi, kisha siku. Kwenye chati, mwezi ambao hakuna aliyeondoka uwekewe sifuri, usirukwe.

Jambo kubwa kuliko yote ni sababu ya kuondoka. Tuseme kiwanda kilianza mwaka na watu 200, wakaondoka 38, wakaajiriwa 18, kikamaliza na 180. Wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka ni 190, na kiwango cha walioondoka, yaani 38 kwa 190, ni asilimia 20. Lakini ikiwa 30 kati yao mikataba yao ya msimu ilikwisha tu, waliochagua kuondoka wenyewe ni 8, yaani takriban asilimia 4. Chati isiyotenganisha makundi hayo huwasingizia watu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma, kwa hiyo karatasi za kurejea zinapaswa kuwapo. Majina, hata hivyo, hayana sababu ya kufika kwenye dashibodi. Namba zinatosha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikumbukwe.

Ombi langu ni kwamba, kabla chati za mwaka hazijafikishwa kwenye kikao cha bodi, afisa utumishi apewe siku mbili za kukaa na wasimamizi wa zamu na daftari la getini, walipitie jina kwa jina.

Wako mtiifu,
Afisa Utumishi,
Kirumba, Mwanza