Barua kwa binamu yangu wa Pangani, kuhusu nyimbo za Bibi na keli za huku

Binamu,

Jumbe zako za sauti nimezipata zote 11. Ile ya dakika 9 niliisikiliza ndani ya basi nikapitiliza kituo, nikarudi kwa miguu na mvua. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu nakujua: ukijibiwa pembeni unajifanya hukuona.

Umesema umemrekodi Bibi nyimbo 22 za kutwanga, kwa simu, feni imezimwa na kuku wamefukuzwa uani. Hongera, hapo sikutanii. Halafu ukaongeza kwamba urithi umeshahifadhiwa, kazi imekwisha, kilichobaki ni mimi wa Ulaya kutuma hela ya studio ili ziwekewe kinanda, zivutie vijana. Hapo ndipo kituo kiliponipita.

Hela sina. Nilichonacho ni miaka 9 ya kukaa Glasgow na watu ambao hicho unachokifanya walikianza zamani, na nimeona kilivyowaendea. Nisikilize kwanza, studio baadaye.

Ijumaa nisipokuwa zamu huwa naenda keli. Neno lenyewe huandikwa cèilidh. Ukilisikia mara ya kwanza utadhani mtu alitaka kusema kelele akazibwa mdomo. Kwa Kigaeli cha Uskoti maana yake ya asili ni kutembeleana, basi. Kule visiwani magharibi, Lewis, Uist, Barra, vijiji vilikuwa na nyumba ambazo kila mtu alijua ndiko kwa kwenda usiku wa baridi. Unaingia, unajibana karibu na moto, mmoja anatoa hadithi, mwingine wimbo, mwingine anasimulia ng'ombe aliyetumbukia mtaroni. Hakuna tiketi wala jukwaa. Ni baraza letu lile lile, ila limeingizwa ndani kwa sababu ya mvua.

Siku hizi mjini ukialikwa keli ujue ni dansi. Ukumbi wa kanisa, akodioni, fidla, ngoma, na mtu mwenye kipaza sauti anayetaja hatua kabla muziki haujaanza. Nikueleze moja, inaitwa Strip the Willow. Wanaume safu moja, wanawake safu ya pili, mnatazamana. Jozi ya kwanza wanashikana viwiko wanazunguka kama pia, halafu mwanamke anateremka na safu ya wanaume: anazungushwa na wa kwanza, anarudi kwa mwenzake, anazungushwa na wa pili, anarudi kwa mwenzake, hivyo hivyo mpaka chini. Hayo ndiyo maelezo. Mimi mara ya kwanza nilirushwa na mzee wa miaka 70 hivi aliyevaa kilti, ile sketi yao ya wanaume, nikaukosa mkono wa aliyefuata, nikaishia kwenye meza ya sandwichi. Kesho yake mikono ilikuwa na alama za vidole kama mtu aliyegombana sokoni. Ijumaa iliyofuata nikarudi.

Dansi hiyo haihitaji huruma yangu wala yako. Shuleni watoto hufundishwa kwenye kipindi cha michezo Krismasi ikikaribia, wavulana na wasichana wakishikana kwa ncha za vidole kwa aibu, na wakikua hawasahau, maana kila harusi wanaikuta. Na tusidanganyane, nyingi kati ya hizo si za Wagaeli hasa. Zilitoka kwenye kumbi za dansi za karne ya 19. Watu wanazicheza usiku kucha bila kujua neno moja la Kigaeli. Shida iko kwenye nyimbo, kwa sababu nyimbo zina maneno.

Sensa ya 1891 ilihesabu wasemaji wa Kigaeli zaidi ya 250,000 Uskoti nzima. Ya 2022 ilipata kama 70,000. Sheria ya elimu ya 1872 iliwapeleka watoto wote shule bila kuitaja lugha hiyo hata mara moja, na vizazi vikakua vikiamini kuwa ya nyumbani huachwa nje ya geti. Sasa mambo yamegeuka: Glasgow ina shule nzima ya Kigaeli tangu 2006, na 2025 Bunge la Uskoti limepitisha sheria ya kukipa hadhi rasmi. Wanaojua kidogokidogo wanaongezeka. Lakini kule Visiwa vya Magharibi vyenyewe, wanaokisema wameshuka chini ya nusu ya wakazi. Yaani kinaongezeka kinakosomwa, kinapungua kinakotoka. Sijui ukipewa habari hiyo ucheke au ulie. Mimi huwa naiacha nikaenda kuimba.

Nije sasa kwenye kinu chao.

Wanawake wa visiwani walikuwa na kazi ya kuponda kitambaa cha sufu. Kikitoka kufumwa huwa kilegevu, upepo unapita. Ili kijikaze lazima kiloweshwe na kupondwa juu ya ubao mrefu, saa kwa saa. Cha kuloweshea, usicheke, ni mkojo uliokusanywa majumbani ukaachwa uvunde, maana unatoa mafuta ya sufu na kushikisha rangi. Wanawake 10 au 12 wanakaa kuuzunguka ubao, wanapiga kitambaa mbele yao, wanakisogeza kwa jirani, daima kwa mwelekeo wa jua. Mmoja anaimba mstari, wengine wanaitikia kwa sauti zisizo na maana, hi ri ri, ho ro. Ni hodiya, binamu, hodiya kamili kama za Bibi. Wimbo haurudiwi mara mbili kwenye kitambaa kimoja, ni mkosi. Wakidhani wamemaliza wanapima upana kwa urefu wa kidole cha kati. Kama hakijajikunja vya kutosha, wimbo mwingine. Na mwishoni kabisa kuna nyimbo za makofi za kuozeshana: jina la msichana linapachikwa kwa fulani, msichana anamkataa kwa wimbo, anatajiwa mwingine, mpaka apewe anayemtaka. Vijembe vitupu. Ungekuwepo ungefukuzwa.

Nimekaa kwenye ubao huo, Jumamosi moja, ukumbi wa mtaa hapa hapa mjini, kwa maji ya sabuni badala ya kile kingine, namshukuru Mungu. Nilianza kwa kuharibu. Mimi nilikuwa napiga kama natwanga, mchi juu, mchi chini. Wao wana kupiga, kuvuta, kupiga, kusogeza. Kitambaa kikanirundikia mbele kama nguo za wiki. Mama mmoja, aliyekuwa akikisubiri kushoto kwangu, alinishika kifundo cha mkono, hakusema kitu wala hakuacha kuitikia, akanipigisha beti mbili nzima, kisha akaniachia. Tangu hapo sijakosea.

Kazi yenyewe ilikufa kufikia katikati ya karne ya 20. Kitambaa hakikufa, na hapo ndipo pananishangaza. Kinaitwa Harris Tweed, na kinalindwa na sheria ya 1993. Lazima kifumwe nyumbani kwa mfumaji, huko huko visiwani. Ila kukaza na kumalizia kunafanywa kiwandani. Kitambaa kinauzwa dunia nzima, nyimbo zimebaki bila kazi, sawa na zilivyobaki za Bibi siku mashine ya kusaga ilipofungwa sokoni. Na sijapata kumsikia mwanamke wa huku akitamani kuurudia ubao ule kwa lazima. Mama yako naye, mrudishie mchi uone.

Sasa rekodi. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha idara ya kukusanya urithi huu. Watu wake wakazunguka visiwani na mashine za utepe, jikoni kwa jikoni, wakarekodi nyimbo na hadithi kwa maelfu. Tangu 2010 unaweza kuzisikiliza nyingi bure mtandaoni, mahali panaitwa Tobar an Dualchais, yaani kisima cha urithi. Mungu awalipe. Mimi mwenyewe nilitoa wimbo humo, wa bibi mmoja wa Uist, nikaufanyia kazi miezi mitatu chumbani, majirani wakigonga ukuta. Maneno nikayaandika kwa herufi zetu, maana Kigaeli kinaandikwa mhath halafu kinasomwa va, sijui kwa kumkomoa nani.

Nilipohisi nimeiva nikauimba mbele ya mwalimu wangu wa Jumanne, mtu wa visiwani, mpole. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, mbona mstari wa tatu unakata katikati ya neno? Nikasema kwa fahari, ndivyo alivyoimba mwenyewe kwenye utepe. Akaomba nimpigie ile rekodi. Akasikiliza mara mbili, halafu akacheka mpaka akavua miwani. "Alikuwa mzee," akaniambia. "Pumzi ilimwishia."

Miezi mitatu, binamu, nimekariri pumu ya watu!

Ndiyo nasema usinitumie rekodi ukaniambia kazi imekwisha. Rekodi haina wa kukushika mkono. Haikwambii kipi ni wimbo na kipi ni kikohozi, ubeti upi Bibi aliuruka kwa sababu ulikuwepo wewe mwanamume, upi ulimhusu jirani fulani na kwa nini jirani yule alihama mtaa. Muulize angali anaweza kujibu. Kuna Mmarekani mmoja, Margaret Fay Shaw, alifika South Uist 1929 akapanga kwa dada wawili wa kijijini, akaishi nao miaka 6. Alijifunza Kigaeli na nyimbo zao kwa kukaa kwenye moto ule ule jioni kwa jioni, akiandika nota kwa kusikiliza. Kitabu hakikutoka mpaka 1955. Hiyo ndiyo spidi yake.

Kuhusu kinanda. Hawa wana tamasha kubwa linaitwa Mòd, lilianza Oban 1892, kila Oktoba linahamia mji mwingine, na wenye mizaha wanaliita Olimpiki ya wiski. Kigaeli chako kinapewa alama zake na muziki alama zake. Limewafaa sana, bila mashindano wengi wasingesoma lugha. Ila hapo ndipo nyimbo nyingi zilipovishwa suti: piano, kwaya ya sauti nne, kifua mbele. Nyingine nazipenda. Lakini jukwaa linataka wimbo wa dakika tatu, na wa ubaoni ulikuwa unakwisha kitambaa kikitaka. Mwaka 1992 kundi la Capercaillie liliingiza wimbo wa kuponda sufu kwenye 40 bora za Uingereza, ala za kisasa na kila kitu, na ulikuwa mtamu, kwa hiyo usiniite mhafidhina. Nasema tu kinanda kije mwisho, kimkute mtu anayejua wimbo bila kinanda.

Kuna jambo la Kanada pia, na hili linakuhusu zaidi kuliko unavyodhani. Wagaeli wengi waliondolewa mashambani mwao karne za 18 na 19, kondoo wakapewa nafasi yao, na baadhi wakavuka hadi kisiwa cha Cape Breton, Nova Scotia. Walikwenda na nyimbo, fidla, na dansi ya kugonga sakafu kwa miguu. Mwaka 1971 televisheni ya taifa huko ikaonyesha filamu iliyosema wapiga fidla wa Cape Breton wanatoweka. Watu walikasirika vibaya. Mwaka 1973 wakakusanyika mahali panaitwa Glendale, wapiga fidla zaidi ya 100, na watoto wakaanza kupelekwa kwa walimu. Halafu 1996 South Uist kukaanzishwa shule ya kiangazi, Ceòlas, na walimu wa Cape Breton wakaja kuwafundisha watu wa Uist dansi ambayo mababu walikuwa wamesafiri nayo. Huku ilikuwa karibu imesahauliwa.

Kwa hiyo mpelekee shangazi wa Muscat zile nyimbo za Bibi. Aliondoka hapo akiwa msichana, hajasikia mashine yoyote ya kusaga. Naapa ana beti ambazo Bibi ameshazimeza.

Nitakuja Desemba, tarehe nitakwambia nikishapata likizo. Usikodi spika. Nunua mahindi debe moja, ya kukoboa, na waambie wale mabinti wa nyumba ya pili waje baada ya alasiri, kuna chai na mikate ya kumimina. Sherehe usiite, wala usipige picha. Na kabla ya hapo nenda uani kwa Bibi ukaangalie kile kinu. Mara ya mwisho nilipokiona mlikuwa mmekipindua, wewe umekikalia unachaji simu.