C# pia inafika mpaka kwenye kadi ya reso

Bwana Mhariri, jambo sana.

Nilisoma ile makala yenu ya juma lililopita juu ya vijana na programu, nikairudia mara ya pili, na kuna pahali nimeshindwa kunyamaza. Mliandika kwamba mtu akitaka kugusa kadi ya reso (kile kifaa kinachounganisha ordinatere na mtandao) moja kwa moja lazima ajue lugha ya programu ya C, eti hawa wa lugha za C# na Java kazi yao ni kupanga madirisha na mabutoni tu. Hapana jamani. Wadogo zetu wa hapa Lubumbashi wanasoma maneno kama hayo wanavunjika moyo, juu wengi walianzia kwenye C#, na tena si kweli.

Mi niko nasimamia siberi moja (duka la intaneti) huku Katuba, ordinatere 9. Mwezi uliopita kila jioni koneksio ilikuwa inakufa, na haifi kwa wote, leo hawa wanne, kesho wale watatu, wateja wanadai franka zao, patroni naye anafikiri hatujalipa forfe ya intaneti. Nikakaa nikaandika kaprogramu ka C#, kama mistari 60 hivi, kanatumia SharpPcap, laibrari ya C# ya kutuma na kunasa data ya reso. Kazi yake ni kutunga fremu (kifurushi kimoja cha data) ya ARP, ile njia ya mashine kuulizana nani ana anwani fulani, baiti kwa baiti, baiti 42 zote, kuitupa kwenye reso iulize nani ana 192.168.1.1, anwani ya ruta yetu, halafu kusikiliza. Jibu linatakiwa kuwa moja. Yakaja mawili! Anwani mbili za MAC, yaani zile namba ambazo kadi zinapewa kiwandani, na zile baiti 3 za mwanzo zinazoonyesha kiwanda hazifanani hata kidogo. Kumbe kijana wa fotokopi alichomeka ruta ya kwao nyuma ya meza apate wifi ya simu, na ruta hiyo ilitoka kiwandani na anwani ileile ya ruta yetu, kwa hiyo kila mashine ilikuwa inamfuata yule anayemsikia. Tuliichomoa, na tangu siku ile wateja wametulia.

Soketi za kawaida (milango ya programu kuingia mtandaoni) za .NET, mazingira ambamo C# inaendeshwa, zisingenionyesha kitu pale. Hata zile soketi ghafi, kwenye Windows zinaanzia kwa tabaka la IP, la anwani kama ile 192.168.1.1, kwenda juu, na ARP iko chini ya IP, sasa utaionaje bila njia ya kushuka?

Kuna pahali mko na haki, nakubali. Ile piloti inayoongea na kadi, wenzetu wa Dar wanaita draiva, imeandikwa kwa C na inakaa ndani ya kerneli, kile kiini cha Windows, na kosa moja kule linaangusha Windows nzima na skrini ya buluu. Lakini piloti ninayotumia, Npcap, imeshaandikwa na watu wa Nmap, ile programu ya kuchunguza reso, sina haja ya kuitengeneza upya, mi ninaiita tu kutoka juu. Nikikosea huku juu, tuseme nimesoma kupita mwisho wa pakete, yaani data iliyonaswa, .NET inanisimamisha palepale na kuniambia ni mstari gani. Kwa C unaweza kusoma takataka za memori siku nzima usijue, na mwanafunzi ambaye hana mtu wa kumwelekeza usiku atatokaje hapo?

Bei ya kutumia C# iko na lazima isemwe. Msafishaji wa memori wa .NET ana ruhusa ya kuhamisha vitu saa yoyote, kama mama wa soko la Kenya hapa Lubumbashi anavyosogeza mifuko ya unga apate nafasi, sasa fikiria mtu anakuja kumwaga mzigo kwenye mfuko alioonyeshwa asubuhi na mfuko hauko tena pale. Ndiyo sababu laibrari ama inakopi pakete kutoka upande wa piloti kuleta upande wa .NET, ama inaufunga mfuko usisogezwe mpaka kazi iishe. Kwa siberi yetu kopi hizo hata huzisikii. Anayetaka kunasa trafiki ya kampuni nzima kwa kasi ya gigabiti, huyo atazisikia, na huyo ndiye mngemwambia ajifunze C.

Na tafadhali vijana waache ile WinPcap, piloti ya zamani ya kazi hiyohiyo, inayozunguka kwenye maflashi. Ilitoka Politecnico di Torino kule Italia na ilifanya kazi kubwa, ila toleo lake la mwisho, 4.1.3, ni la 2013. Npcap ya bure inaruhusu mpaka mashine 5, mi nimeiweka kwenye moja tu ikatosha, na wakati wa kuiweka nilichagua ifunguke kwa adminisitreta peke yake. Hapo sitanii, siberi ni pahali watu wanaingiza siri zao na mambo ya pesa zao, hatutaki kila mteja aliyekaa pale ageuke msikilizaji.

Kwa hiyo ninaomba mrekebishe ile sentensi kwenye toleo lijalo. Walimu wa reso nao, mwanafunzi akileta kazi ya C# inayosoma fremu, wasimrudishe kabla ya kuifungua waone inafanya nini. Ile mistari yangu 60 niko nayo bado, anayeitaka apitie huku siberi Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajajaa, alete flashi yake, nitamwonyesha na ule mstari ulionisumbua siku mbili.

Ni mimi, fundi wa reso,
Katuba, Lubumbashi