Tairi lenye kashata nzima laweza kuwa limeshakufa

Mhariri,

Magari ya watalii yenye hema juu ya paa hulala masika nzima, kisha Juni yanaingia barabarani na mzigo kamili. Watu wakiona kashata, yaani meno ya tairi, bado ndefu wanasema tairi bado jipya. Kumbe tairi la gari linalokaa huzeeka kabla ya kuisha.

Soma ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, tarakimu nne: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Usipoziona, ingia chini ya gari. Mara nyingi zipo upande wa ndani tu. Likifika miaka 5, likaguliwe kila mwaka. Miaka 10 ndiyo mwisho hata kama halijagusa lami, na spea nayo imo. Kwa gari lililobeba mzigo juu, sisi tungelitoa kwenye 6 au 7.

Mpira una nta inayopanda juu kuukinga na jua na ozoni, nayo hupanda tairi linapozunguka na kujikunja. Gari likisimama, ngozi hukauka. Chunguza ubavu na mifereji ya kashata: ufa unaoingia ukucha, au nyuzi kuonekana, litoe. Uvimbe, au mtetemo usioisha hata baada ya balansi, huenda ni mikanda ya waya inayoachana na mpira. Hilo halisubiri safari nyingine.

Ukiweka tairi jipya, badilisha pia valvu za mpira za kujazia upepo, bei yake ndogo. Na dukani, soma tarakimu hizo kabla ya kulipa.

Mafundi wa matairi,
Arusha