Safari ya Pangani, someni mpaka mwisho

Wakuu habari za jioni. Kosta inatoka Nyerere Square, Dodoma, Ijumaa saa 11 alfajiri, sio ile saa 11 yenu, tunapita Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza ndo Pangani, ni mbali mno kwa hiyo laleni mapema. Sasa la muhimu, wikiendi hii mwezi ni mpevu yani tutakuta bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, so tunaingia mtoni na kayaki yakiwa yanajaa yatusukume taratibu mpaka kwenye mikoko, yakianza tu kupwa tunageuza makafi turudi nayo, ukibaki nyuma unapiga picha utakwama kwenye tope na kayaki utaikokota mwenyewe mi simo. Mchana upepo wa kusi ukikaza hakuna kutoka nje ya mlango wa mto, kisiwa cha Maziwe mtakiona siku nyingine. Anayeogopa kayaki ya peke yake aseme tumpange kwenye mtumbwi. Jaketi la kuokolea lazima kwa wote, hata wewe unayejisifu uliogelea bwawa la Mtera, kule ulikuwa unakimbia mamba 😂 Ambao hamjamalizia hela ya Kosta tumeni leo, dereva ananipigia mpaka naogopa kushika simu.