Mimi ni mzima wa afya, na uongo mwingine niliokuandikia

Rafiki yangu wa chanda na pete,

Salamu sana. Barua yako niliipata juzi, nikaisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaisukumiza chini ya mto kama enzi zile tulipokuwa tukificha barua wakubwa wasizione. Nilitaka kukujibu palepale. Kilichonichelewesha ni kwamba kila nikishika kalamu, mkono unaniandikia wenyewe: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nami." Unaikumbuka? Ndivyo tulivyofundishwa kufungua barua, na ndivyo nilivyofungua kila barua niliyokuletea ile miaka minne mibaya. Kama bado unazo, zitoe uzitazame. Utakuta nilikuwa mzima wa afya hata wiki ambayo sikutoka kitandani.

Nadhani lugha yetu nayo imechangia. Mtu akikuuliza "hujambo?", jibu limeshafika mdomoni kabla hujafikiri. Habari za asubuhi? Nzuri. Hata aliyefiwa atasema "nzuri" kwanza, ndipo aseme "ila". Mimi niliishi miaka minne bila kuifikia hiyo "ila".

Haya, nijibu ulichoniuliza. Unasema daktari amekuambia ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, amekuandikia dawa, na pakiti iko mezani wiki ya pili sasa hujaifungua, kwa sababu unaogopa vidonge vitakausha kalamu. Hadithi zako mbili bora, unasema, uliziandika gizani. Ukanitajia na Virginia Woolf, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, kama shahidi.

Nianze na huyo shahidi wako. Ni kweli aliugua, tena mara nyingi, tangu ujanani. Lakini tazama miaka. Kati ya 1913 na 1915 alizidiwa kweli kweli, na riwaya zake nyingi zilikuja baada ya hapo, katika vipindi alivyokuwa na nafuu. Alipozidiwa alilazwa, akaambiwa apumzike, akanyimwa hata kuandika. Dawa za kwanza za sonona zilianza kutumika miaka ya 1950. Yeye alifariki 1941. Kwa hiyo ukinitajia jina lake kama mwandishi aliyeweza bila vidonge, nami nakwambia hakuvikataa. Havikuwepo. Hakuna ajuaye kalamu yake ingekuwaje kama angepata nafasi uliyoiacha hapo mezani.

Kuhusu hadithi zako, nimezisoma na ni nzuri, sibishi. Lakini ile ya kwanza uliimalizia mwezi uliokaa kwangu, umeshaanza kulala na kula. Nilikuwepo. Ulikuwa ukiamka kabla yangu, nasikia kiti kinavutwa. Giza ulikuwa nalo miezi mitano kabla ya hapo, na miezi mitano yote hiyo hukuleta hata ukurasa mmoja. Mbona hiyo nayo huihesabu?

Nami nilikuwa mfuasi wa dini hiyohiyo. Kuna mwalimu mmoja wa uandishi alituambia darasani kwamba mateso ndiyo wino, nikaiandika kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani. Nilipoanza dawa na kupata nafuu kidogo, nikaanza kujiona nimesaliti kitu. Nilikuwa na hadithi imekwama katikati, nikasema basi, niache vidonge mpaka niimalize, dhoruba irudi initoe. Sikumwambia daktari. Siku chache tu kizunguzungu, nikigeuza macho nasikia kama cheche za umeme zinapita kichwani. Baadaye nilielezwa kwamba ndivyo inavyoweza kuwa ukiziacha ghafla, ndiyo maana hupunguzwa taratibu. Wiki ya tano dhoruba ikarudi kweli. Hadithi haikuandikwa. Iko kwenye droo hadi leo, imekatikia kwenye neno "lakini".

Niliyoandika gizani nimeyarudia mwaka huu. Kuna ukurasa mmoja neno "nimechoka" limo mara kumi na moja (nimehesabu, unanijua). Hamna mtu mwingine mle, hamna dirisha, hamna hata saa ya ukutani. Wakati ule niliuona ndio uandishi wangu wa kweli kuliko wote, nikaulilia. Leo nauona kama kipimo cha joto la mwili: kinasema kweli, lakini hakina hadithi.

Sasa nikueleze nilivyoanza kuandika, maana hujawahi kuniuliza na mimi sikuwahi kukwambia. Sikuanza na mateso. Nilianza na kitana.

Daktari alinipa daftari nilijaze kila jioni. Lina safu: saa za usingizi, moyo ukoje kutoka 0 hadi 10, dawa nimekunywa au la. Mwishoni kabisa kuna safu nyembamba, upana wa vidole viwili, imeandikwa "Maelezo". Wiki nzima niliijaza kwa neno moja, "hakuna". Siku ya nane niliamua kuchana nywele. Zilikuwa na siku tisa hazijaguswa, na pale nyuma panapolalia mto zilikuwa zimeshikamana kama kipande cha zulia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaanzia kwenye ncha, na kila baada ya muda nashusha mkono upumzike, maana kuinua mkono tu ilikuwa kazi ya kibarua. Karibu saa nzima. Jioni nikaandika kwenye ile safu: "Nimechana nywele. Kitana kimevunjika meno matatu."

Nikazitazama hizo sentensi mbili. Ya kwanza angeweza kuiandika yeyote. Ya pili ilikuwa yangu. Kesho yake maelezo yalivuka mstari wa safu, keshokutwa yakapinda na kupanda pembeni mwa ukurasa. Daktari alipolifungua alicheka, akasema samahani, yeye alikuwa anatafuta namba tu.

Huyo daktari alinipeleka kwa mshauri nasaha, mama mmoja wa makamo, mpole lakini king'ang'anizi. Siku moja akaniambia: nisimulie siku moja uliyofurahi. Nikamwambia zamani nilikuwa napenda mvua. Akasema, sawa, mvua ya siku gani? Nikanyamaza. Nilijua kwamba nilikuwa napenda mvua kama ninavyojua mji mkuu wa nchi ambayo sijawahi kufika. Siku yenyewe haikuwepo. Nikalia, si kwa huzuni, kwa aibu. Mtu anayejiita mwandishi hana hata siku moja ya mvua.

Kumbe jambo hilo linajulikana. Mwaka 1986 watafiti wawili Waingereza, Mark Williams na mwenzake, waliwaambia watu walionusurika baada ya kujaribu kujiua maneno kama "furaha", wakawaomba wakumbuke tukio moja mahususi. Wakilinganishwa na wengine, mara nyingi walijibu kwa jumla, yaani mambo waliyokuwa wakiyafanya, si jambo lililotokea siku fulani. Tafiti zilizofuata zikaliona hilohilo kwa wenye sonona. Niliposoma hivyo niliiweka simu chini nikazunguka chumba. Maana kazi yetu ni nini, kama si siku fulani? Mwandishi anaishi kwa hiyo "siku moja", na hiyo ndiyo ugonjwa huu unayoanza kukuibia, huku unakuachia huzuni ya jumla ili udhani umetajirika.

Kwa hiyo ukiniuliza kama dawa zimekausha kalamu yangu, nakujibu kwamba hazijanipa hata sentensi moja, wala hazijaninyang'anya. Zilinipa usingizi. Usingizi ukanipa uwezo wa kusoma ukurasa hadi chini bila kurudi juu mara sita. Hayo mengine nilifanya mimi na mshauri wangu, na mengi ya kuchosha: kuoga, kutembea, kurudi kwake wiki hadi wiki.

Sikupambi. Siku za mwanzo pengine utasikia kichefuchefu, pengine kichwa kitauma, pengine usingizi utavurugika, na moyo utakuwa bado uko palepale. Huo ndio wakati watu wengi wanatupa pakiti. Nafuu huja baada ya wiki mbili hadi sita hivi. Yangu ilikuja ya tano, nikaijua kwa sababu nilikasirika kwamba jirani anapiga kelele. Nilikuwa na muda mrefu sijamsikia. Na wapo ambao dawa fulani huwafifisha hisia, wakawa hawalii wala hawacheki. Ikikutokea usijifie kimya na usiache mwenyewe kama nilivyofanya mimi, mwambie daktari, kipimo hubadilishwa na dawa hubadilishwa. Ukipona pia wanakutaka uendelee kwa miezi, isirudi.

Utasikia vilevile kwamba kuandika kwenyewe ni tiba. Kiasi. Mwaka huohuo wa 1986 (sijui palikuwa na nini mwaka ule) James Pennebaker na Sandra Beall huko Marekani walichapisha utafiti wao: wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo, na walioandika tukio lililowaumiza pamoja na walivyohisi walipungua kwenda zahanati miezi iliyofuata. Watu hulitaja hilo sana. Wasilolitaja ni kwamba mara tu baada ya kuandika, hao hao walijisikia vibaya zaidi. Mimi nikiwa chini ya tatu kwenye daftari, kidonda sikiandiki. Naandika kitana. Kidonda kinasubiri siku ya sita au saba.

Na jambo moja, nisamehe nikiwa mkali. Mawazo ya kufa yakikujia, usiniandikie barua. Nipigie. Hata saa nane za usiku, hata kama hujui utasema nini, piga tu nisikie unapumua, tutatafuta pamoja wa kumwita aliye karibu nawe. Na daktari umwambie, hata kama hakuuliza.

Mimi huku, kwa kweli safari hii: usingizi saa sita, moyo tano, dawa nimekunywa. Jana ilikuwa tatu. Wiki iliyopita nilikaa saba siku mbili mfululizo nikaogopa kuliandika neno hilo.

Nina shida ndogo nawe. Mwezi uliopita, nikisubiri maji yachemke, ile mvua ilirudi. Siku yenyewe. Tulikuwa chini ya mwavuli mmoja, ule wenye ubavu uliovunjika unaokuchoma shingoni kila upepo ukigeuka, tukavuka maji barabarani yakakunyakua kiatu cha kushoto. Ulisimama kwa mguu mmoja katikati ya mfereji ukacheka mpaka ukanishika koo. Naiandika sasa, niko ukurasa wa nne. Nakiona kiatu kinavyokwenda kikiyumba kama mtumbwi, nauona na ukanda wake uliokatika, ila rangi haiji. Mimi nasema kilikuwa cha buluu, lakini naona kama nabuni. Kilikuwa rangi gani?

Wako wa siku zote.