Boksi linunuliwe popote, kazi ya fundi ilipwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu malalamiko ya wenye maduka ya muziki wa magari hapa Dar es Salaam. Kuanzia Gerezani hadi Ilala kilio ni kimoja: wateja wamehamia kwenye simu. Redio ile ile, spika zile zile, mtu anaziona Instagram kwa bei ambayo mwenye fremu hawezi kuifikia, anatuma pesa kwa simu, bodaboda anamletea mzigo hadi getini. Wapo wanaotaka Serikali iwazuie hao wauzaji. Mimi ni fundi, sina duka. Nafunga muziki kwa kuitwa na maduka, na nina wateja wangu wachache. Kilio ninakiona ni cha kweli, ila dawa inayoombwa siyo.

Nianze na bei. Mwenye duka Kariakoo analipa kodi ya fremu, mara nyingi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na pengine alitoa kilemba kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Ana leseni, ana mashine ya risiti ya EFD, na mauzo yake yakivuka shilingi milioni 200 kwa mwaka anaingia kwenye VAT ya asilimia 18. Ana kijana wa kuuza na umeme wa kuwasha ubao wa spika kutwa nzima ili wapita njia wasikie besi. Yule wa kwenye simu mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo, na wengi wao hata mzigo hawana. Ni mawinga tu: wanapiga picha mali iliyomo dukani kwa mtu, wanaitupia mtandaoni kwa bei ya chini kidogo, mteja akipatikana ndipo wanakwenda kuchukua kwa bei ya jumla. Kwa hiyo duka linajikuta linashindana na picha ya rafu yake lenyewe. Wengine wanaagiza Guangzhou kwa kuchangia kontena, na faida wanayoitaka kwa boksi moja ni nauli ya daladala tu, kwa sababu hawana cha kulipia zaidi ya bando.

Halafu kuna wateja wanaokuja dukani kusikiliza tu. Anaomba aunganishiwe sabufa (spika ya besi) hii, kisha ile, anauliza ipi inaifaa Harrier yake, anapiga picha namba ya modeli pembeni ya boksi, anasema “narudi jioni, bosi.” Jioni harudi. Kesho yake yuko kwangu na boksi lile lile alilolinunua kwa mtu ambaye hakumsikilizisha hata wimbo mmoja.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na wenye maduka. Miaka yote biashara hii imejengwa juu ya neno moja: nunua, tunakufungia bure. Bure haikuwepo. Tuseme redio iliuzwa laki tatu na nusu, ndani ya hiyo kulikuwa na ujira wa fundi, waya, soketi, na ile ruhusa ya mteja kurudi wiki ijayo kusema “fundi, upande wa kushoto hausikiki.” Sasa mteja anashika simu, anaona redio hiyo hiyo laki mbili na themanini, anasema wa dukani ni mwizi. Si mwizi. Wa dukani ameuza redio pamoja na kazi, wa kwenye simu ameuza redio peke yake, na hakuna aliyewahi kumwambia mteja kwamba hivyo ni vitu viwili. Duka ambalo halikuandika popote bei ya kazi limlaumu nani leo mteja akidhani kazi haina bei?

Na kazi ipo, tena kubwa kuliko watu wanavyodhani. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Redio zake zimetengenezwa kwa masafa ya kule, FM ya 76 hadi 90 kwa zile za zamani, wakati stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Ndiyo maana mtu anaagiza gari zuri, akifika Ubungo anapata stesheni chache tu zilizo chini, na maelezo yote kwenye skrini ni ya Kijapani. Nyingi ukichomoa betri siku moja tu zinajifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya siri. Basi mtu anaamua kubadilisha. Anaingia mtandaoni, anaandika “redio ya IST,” anapata picha nzuri.

Kinacholetwa mara nyingi ni redio ya saizi ya kawaida, upana wa milimita 178. Nafasi iliyomo kwenye dashibodi ya Toyota nyingi za Kijapani ni milimita 200. Pembeni kunabaki mwanya unaopitisha kidole, inabidi kutafuta plastiki zake. Soketi za nyuma haziingiliani na za gari, inabidi kutafuta waya wa kubadilishia. Vitufe vya usukani havifanyi kazi mpaka viunganishwe na kufundishwa. Mteja hajui hata kimoja kati ya haya, na muuzaji hakumwambia, kwa hiyo ninapomtajia gharama ananiangalia kama ninayetaka kumla hela.

Chukua na amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti ya redio. Juu ya boksi kumeandikwa wati 1,200, tena kwa maandishi ya dhahabu. Igeuze upande wa kuingizia waya, utaona fyuzi moja ya ampia 30. Gari likiwa linawaka, umeme wake ni kama volti 14. Zidisha: 420. Hizo ndizo wati zote inazoweza kuvuta kwa mfululizo bila fyuzi kukatika, na hazifiki zote kwenye spika, maana amplifaya za kawaida za daraja AB hupoteza karibu nusu kwa joto. Sasa hizo 1,200 zinatoka wapi? Wanaziita wati za juu kabisa, na hakuna anayewauliza walizipimaje. Wati za kufanya kazi, zile za RMS, hapo hazifiki hata 250. Niwe mkweli, amplifaya hiyo hiyo imejaa na madukani. Tofauti ni kwamba dukani unaweza kuigeuza ukaiona fyuzi. Kwenye simu unaona upande wa dhahabu tu.

Waya ndio unaonitisha zaidi. Zile seti za waya za bei chee zina plastiki nene ya kuvutia, ukikwangua nyuzi zake kwa wembe unakuta ndani kweupe: ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo kwa mzigo ule ule ilipaswa kuwa nene zaidi, nayo ni nyembamba zaidi. Ongeza hapo mtu aliyejifunza kufunga kwa video, akaweka fyuzi kuu nyuma kwenye buti karibu na amplifaya badala ya mbele karibu na betri. Waya wote unaopita chini ya kapeti haulindwi na chochote. Ukichubuka ukagusa bodi, gari linaungua. Hii si kero ya kelele.

Wakati yote hayo yanaharibika, anayepigiwa simu ni fundi. Muuzaji ameshabadilisha jina la ukurasa au amemzuia mteja. Kwenye redio za Android ndiyo balaa: skrini inasema ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, ukiichunguza unakuta namba hiyo imedanganywa na ndani ni moja au mbili, ikifungua ramani na muziki kwa pamoja inaganda. Mteja anasema “fundi umeniharibia.” Nimeikuta imeganda tangu kiwandani.

Siwatetei wenye maduka kwa kila jambo. Redio zenye jina la kampuni kubwa ya Japani ambazo kampuni hiyo haikuwahi kuzitengeneza ziliuzwa Kariakoo kabla ya watu kuwa na simu za kutelezesha kidole. Na wauzaji wa mtandaoni wameleta neema yake: plastiki za dashibodi za magari yasiyo ya kawaida, ambazo hakuna duka lingethubutu kuziweka miezi minane likisubiri mteja mmoja, leo zinapatikana. Mtu wa Songea au Kigoma anapata kitu bila kupanda basi. Kumwambia mtu huyo arudi kwenye maduka ya Msimbazi ni kumwonea.

Ninachokataa ni muuzaji asiye na uso. Zamani ulipoambiwa “mtandaoni” ilikuwa walau kampuni. Jumia iliyofunga shughuli zake nchini mwaka 2019 ilikuwa na ofisi na jina, ungeweza kwenda kulalamika. Tuliobaki nao wengi ni namba ya simu na picha ya wasifu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo amjulishe mnunuzi yeye ni nani na anapatikana wapi. Kazi ipo kwenye kuisimamia. Tume ya Ushindani nayo ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ya kukamata bidhaa bandia, na tumeona wakiingia madukani kukamata. Picha huwezi kuitia kwenye lori. Lakini mwenye picha ana namba anayopokelea pesa, na namba hizo zimesajiliwa kwa alama za vidole. Akitafutwa anapatikana.

Kuna jambo ambalo silioni likisemwa kabisa. Duka la muziki wa gari ndilo lilikuwa chuo chetu. Kijana anaanza kwa kufagia, kubeba maboksi na kushika taa wakati fundi yuko chini ya dashibodi. Anajifunza kwamba waya wa njano ni umeme wa muda wote na mwekundu ni wa swichi, na kwamba ukiiunganisha redio nzima kwenye umeme wa muda wote ili uwahi kumaliza, asubuhi mwenye gari anakuta betri imekufa. Anajifunza kuwa sabufa mbili zenye ukinzani wa omu 4 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya isiyoimudu omu 2 inaungua. Duka likifungwa, kijana huyo hana pa kushikia taa. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe wanafundisha umeme wa magari, na VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Ningependa kuona kazi ya kufunga muziki nayo ikipimwa humo kwa jina lake, mteja aweze kuuliza cheti kama anavyouliza bei.

Kwa wenye maduka ombi langu ni jepesi. Bandikeni ukutani bei ya kufunga redio, ya kufunga spika nne, ya kufunga amplifaya na sabufa, ya kupima kifaa kilichonunuliwa nje. Bei ya boksi ishusheni ifanane na ya mtandaoni, kwa sababu sasa halijabeba ujira wa fundi mgongoni. Risiti itolewe kwa kazi kama inavyotolewa kwa bidhaa. Na acheni kufukuza wateja wanaokuja na boksi la nje. Nimeona duka moja hapa Ilala likiwafukuza kutwa nzima na kijana wa kuuza amekaa anachezea simu. Mimi mwenyewe kifaa cha nje nakiunganisha kwanza mezani, kwenye betri, mwenyewe akiangalia, kabla sijafungua skrubu hata moja ya gari lake. Kikikataa hapo, anajua kimekataa mikononi mwa nani. Kupima huko nachaji. Wapo wanaoondoka wamenuna.

Na kwa ndugu zangu wauzaji wa mtandaoni, kwenye tangazo lenu andikeni vitu vitatu: upana wa redio kwa milimita, ampia za fyuzi, na wati za RMS. Vinaenea kwenye picha moja. Mteja akinitumia hiyo picha kabla hajalipa, namjibu papo hapo kama kitaingia kwenye gari lake au la, na hiyo simtozi.

Fundi wa muziki wa magari,
Ilala, Dar es Salaam